Gia ya Pili

Nisani yangu kuukuu ilikata roho Jumapili
kwenye kona ya juu ya Treorchy,
ikamwaga maji yake yote barabarani
mbele ya kondoo watatu ambao hawakusogea.
Jumatatu nikapanda basi na begi la bandeji,
nikamfikia Bi. Nesta nimechelewa saa mbili nzima,
kidonda chake kimeshalowesha soksi.
Usiku nikahesabu akiba: pauni elfu tatu na mia mbili,
na hamu moja ambayo sijawahi kuiandika popote.

Maana miaka kumi na tisa nimeendesha gari la adabu.
Gari la kufika.
Sasa nina hamsini na moja, mwanangu kahamia Cardiff,
na nataka, kabla magoti hayajaanza kunipa masharti,
gari linaloitika nikiliita.

La kwanza, Golf ya kijivu ya Bwana Idwal,
mwalimu mstaafu wa hesabu, Pontypridd.
Alinipa faili kabla hajanipa ufunguo:
risiti za oili, za breki, za mkanda wa taimingi,
zote zimetobolewa na kupangwa kwa tarehe.
Viti vya kitambaa cha miraba, safi kama vya ugenini.
Nikakanyaga. Turbo ikavuta pumzi,
ikafikiri kidogo, kisha ikanisukuma mgongoni
kama mkono wa mtu mwenye heshima zake.
Matuta ya mbele ya shule iliyameza bila kunung'unika.
Ukifunga mlango, mvua huisikii.
Sikupata la kulalamikia,
nikalalamika moyoni kwa hilo.

La pili lilikuwa jekundu, Honda Civic ya mwaka elfu mbili na nne,
limeegeshwa Ferndale, magurudumu mawili juu ya ukingo.
Mwenyewe kijana, Gethin, fundi wa mapaa;
mkewe mlangoni na tumbo la miezi minane
akitutazama kama anayengoja mgeni aage.
Kutu juu ya gurudumu la nyuma, pana kama biskuti.
"Gia ya pili inasaga," akasema kabla sijauliza.
"Asubuhi tu, ikiwa baridi. Uibembeleze."
Na rungu la gia halikuwa chini linakozoeleka;
lilichomoza kwenye dashibodi, pembeni ya sukani,
karibu hivi kwamba kiganja hakisafiri.

Hadi mizunguko elfu tano lilikuwa gari la kwendea dukani.
Karibu na elfu sita likageuza sauti,
likapiga ukelele, nami nikapiga wangu,
muuguzi mzima, kitambulisho shingoni!
Gethin kando yangu akacheka,
kisha akageukia dirishani, kimya.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Haya mawili yalisimama tu, yakiningoja.

Nikafanya hesabu za mtu mzima.
Bima. Petroli. Shokapu ngumu kama ubao
na kiuno changu, nyumba kumi na moja kwa zamu.
Saa kumi na moja alfajiri, mtaa mwembamba,
kuta za kupakana, na jirani yangu Ceinwen
anayelala kwa vidonge:
ningeliwasha lile jekundu mara mbili,
ya tatu angetoka na ufagio.
Nikamlipa Idwal. Akahesabu noti mara mbili,
akaniandikia risiti, akaitoboa.

Sijutii. Niliseme wazi, maana ni kweli:
Januari liliwaka kwenye barafu, mara moja tu,
na kidonda cha Bi. Nesta kimefunga.
Jioni nyingine natoka nje kuliangalia
bila sababu, mikono mfukoni.

Ila jana, taa za Tonypandy zilipogeuka kijani,
nikaondoka, nikatafuta ya pili,
na mkono wangu wa kushoto ukapanda wenyewe
ukapita mahali gia ilipo
ukashika hewa pembeni ya sukani,
taratibu, kwa kubembeleza,
kama inavyotakiwa asubuhi, ikiwa baridi.

Gari likasita.
Nyuma wakanipigia honi.